Bunduki ya kale na samani ya mtu



Tujiulize: kitu kinatoa wapi samani yake?

Mwaka 1881, kule New Mexico, Marekani, sherifu Pat Garrett alimpiga risasi kijana mhalifu aliyeitwa Billy the Kid, akafa. Mbele ya hapo gavana alikuwa ametangaza zawadi ya dola 500 kwa atakayemkamata. Mwaka 2021 bastola ile ile, aina ya Colt, iliuzwa mnadani kule Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Mtu, dola 500. Chuma kilichomuua, milioni 6!

Mwingine atasema: «Vitu vya kale ni haba, ndiyo maana bei inapanda. Tena aliyenunua hakuua mtu.» Ni kweli, hakuua. Lakini Colt za namna ile zilitengenezwa kwa maelfu mengi, na hazifiki bei hiyo. Kilichopandisha bei ni usiku ule wa kifo.

Upanga wa Goliati nao ulichungwa, umefungwa ndani ya nguo, kule Nobu (1 Samweli 21). Daudi alipouhitaji, kuhani alimpa, hakuomba feza. Basi kuchunga silaha ya kale si kosa. Kosa linaanza pale damu ya mtu inapogeuka faida.

Wandugu, sisi wa Kongo bunduki zimetuliza sana. Tuwafundishe watoto wetu: samani ya mtu haitangazwi mnadani. Muumba aliiweka tangu mwanzo, na haishuki, hata kwa mhalifu.