Kovu Kwenye Shavu la Mfalme

Somo: Yohana 20:24–29



Nilipokuwa masomoni Ujerumani, mzee mmoja wa usharika ulionipokea alinikaribisha kwake baada ya ibada. Alikuwa mwalimu mstaafu, naye alikusanya sarafu za wale wafalme wa Kiyunani waliotawala vipande vya milki ya Aleksanda Mkuu baada ya kufariki kwake mwaka 323 KK. Akaniambia, "Mchungaji, nyoosha mkono," akaniwekea kiganjani drakma nne katika kipande kimoja cha fedha, kinene, baridi, karibu gramu 17.

Upande mmoja palikuwa na kichwa cha mwanamume, nywele zimefungwa utepe wa kifalme. Upande wa pili Zeu ameketi kwenye kiti cha enzi, na maandishi yameshuka wima kuume na kushoto kwake. Kigiriki changu cha Agano Jipya kilitosha kuyasoma: ya Mfalme Antioko, mungu aliyedhihirika, mwenye kuleta ushindi.

Kumbe ndiye! Antioko wa Nne, Epifane, aliyelinajisi Hekalu la Yerusalemu mwaka 167 KK. Jina hilo Epifane ni ndugu wa Epifania, sikukuu yetu ya Januari 6. Sifa tunayompa Bwana tukiwa tumepiga magoti, huyu alijipa mwenyewe, akaigonga kwenye fedha, watu wakaenda nayo sokoni. Na mwaka mmoja tu kabla ya unajisi ule, mjumbe wa Roma, Popillius Laenas, alikuwa amemchorea duara mchangani kwa fimbo karibu na Aleksandria, akamtaka asitoke humo kabla hajajibu kama anaondoka Misri. Mungu aliyedhihirika akakubali kuondoka.

Lakini kidole changu kilikuwa kimenasa penginepo. Shavu la mfalme lilikuwa na mkato mrefu, wa kina. Nilidhani ni jembe la mkulima aliyeifukua. Mzee akatikisa kichwa: ni patasi ya mfanyabiashara wa zama zile. Waghushi walikuwa wakivika shaba ngozi nyembamba ya fedha, ikang'aa kama sarafu halali. Kwa hiyo mtu wa soko hakutosheka na jina la mfalme wala uso wake. Alikata ili aone ndani. Sisi tunaita madini na pesa kwa neno moja, fedha. Kwake yeye vitu hivyo vilikuwa kimoja kweli.

Wakusanyaji wengi huzikwepa sarafu zilizokatwa, na bei yake hushuka. Mzee aliipenda hii kuliko zote.

Sarafu nyingi za mfalme huyu zilitengenezwa Antiokia, mji wake mkuu. Ndiyo Antiokia ya Matendo 11:26, wanafunzi walikoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Karibu miaka mia mbili baada ya fedha kumtangaza Antioko kuwa mungu, katika mji uleule watu wakaanza kuitwa kwa jina la mwingine, aliyetobolewa kwa misumari na mkuki.

Nimehubiri mara nyingi dhidi ya Tomaso wa somo letu, aliyekataa kuamini mpaka atie kidole penye alama za misumari, nikamfanya mfano wa imani haba. Sasa naona nilimwonea. Habari ya wenzake, kwamba wamemwona Bwana, ilikuwa njema mno, na mtu aliyekwisha kuvunjika moyo mara moja huogopa shaba iliyovikwa fedha. Alitaka kufika penye jeraha. Na Bwana hakumfungia mlango. Alikuja baada ya siku nane, kwa ajili yake, akamnyooshea mikono ileile yenye alama. Antioko hakuulizwa kabla ya patasi kumshukia. Bwana alimwita Tomaso alete kidole chake.

Nilipomrudishia mzee sarafu yake, hakuiweka sandukuni mara moja. Aliisogeza dirishani penye mwanga, akapitisha ukucha taratibu ndani ya ule mkato, kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni, kisha akanipa tena nitazame. Ilikuwa fedha tupu mpaka ndani.