Nani Amshukuru Mlinzi wa Moto Usiowaka?

Kyela ni nchi ya maji. Mvua hunyesha huko kwa wingi kupita sehemu nyingi za Tanzania, mito ya Kiwira, Mbaka na Songwe hufurika, na Ziwa Nyasa li mlangoni. Mgeni aweza kudhani kwamba watu wa huko hawana haja ya kuogopa moto. Lakini wazee wa Kinyakyusa walijenga nyumba za mianzi, wakaziezeka kwa nyasi, wakakaa jirani kwa jirani kati ya migomba. Nao walijua vema cheche moja yaweza kufanya nini. Katika desturi yao ya kale ya kuwasimika machifu vijana, iitwayo ubusoka, moto wote wa nchi ulizimwa, ukapekechwa moto mpya, na kila nyumba ikapata moto wake kutoka huo. Twaona hapo kwamba moto haukuachwa bila mwenyewe.

Siku hizi mwenye kuulizwa habari za moto ni askari wa zimamoto. Kwa Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 liliwekwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, nalo li chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Wengi wetu twalijua jeshi hilo kwa king'ora chake na kwa namba 114, basi. Ndiyo sababu twapenda kuuliza swali ambalo si jepesi kama lionekanavyo: mkuu wa zimamoto aliyeitumikia kazi yake kwa uaminifu maisha yake yote, akumbukwe kwa lipi?

Jibu la upesi ni kwamba akumbukwe kwa moto aliopambana nao. Mfano mkubwa wa siku zetu ni Peter Ganci, mkuu wa askari wa zimamoto wa jiji la New York, Marekani. Tarehe 11 Septemba 2001, jengo la kwanza kati ya yale mawili marefu lilipoanguka, alinusurika. Akawaamuru watu wake wasogee mbali kuelekea kaskazini, naye mwenyewe akarudi upande wa hatari, kwenye jengo lililokuwa bado limesimama. Likamwangukia. Alikuwa na umri wa miaka 54, na siku ile jiji lile lilipoteza wazima moto 343. Hakuna mwenye moyo asiyeinamisha kichwa mbele ya tendo hilo.

Lakini Ganci alikuwa ametumikia miaka 33. Miaka hiyo yote imekwenda wapi katika kumbukumbu zetu? Saa moja imeimeza. Ndivyo ilivyo hata kwa Mtakatifu Floriani, msimamizi wa wazima moto, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Mei. Mapokeo yasema alikuwa askari wa Kirumi aliyeongoza kikosi cha kuzima moto, akauawa mwaka 304 kwa kutoswa katika mto Enns, katika nchi iitwayo leo Austria. Mzima moto aliyekufa maji! Twajua alivyokufa, mioto aliyoizuia haikuandikwa popote.

Sasa na tutazame karibu na kwetu. Mwezi wa Juni 1994, katika shule ya sekondari ya Shauritanga, Rombo, wasichana 42 waliungua wakafa bwenini. Machi 2001, huko Kyanguli karibu na Machakos, Kenya, walikufa wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa kufuli na madirisha yalikuwa na nondo. Agosti 2009 ikawa Idodi, Iringa, wasichana 12. Septemba 2024 ikawa Endarasha, Nyeri, watoto 21. Wazazi wa watoto hao hawakuhitaji shujaa wa kufa pamoja nao. Walihitaji mtu mmoja mgumu, aliyepita mwezi mmoja kabla, akaipima nafasi kati ya kitanda na kitanda, akatikisa nondo za dirisha, akamwambia mwalimu mkuu: mlango huu usifungwe kwa nje.

Mtu wa namna hiyo hapendwi. Mwenye duka humwona kuwa amefuata ada tu; mwenye nyumba ya wageni humwomba aandike cheti bila kupanda ghorofani. Na kama akikataa, akashinda, bweni likawekewa mlango wa pili, matokeo yake ni nini? Hakuna kitu. Watoto wanalala, wanaamka, wanakwenda darasani. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba usiku wa jana, katika shule fulani, watoto 80 hawakufa.

Mtu aweza kutupinga hapa, na hoja yake ina nguvu. Atasema: jambo lisilotokea halihesabiki, pengine moto usingewaka kamwe, mkaguzi awepo asiwepo, nani basi ashukuriwe, na kwa lipi? Twakubali kwamba matokeo hayahesabiki. Lakini uangalifu waonekana. Mlango wa pili waonekana, ndoo ya mchanga yaonekana, na cheti alichokataa kukitia sahihi kipo. Mama achemshaye maji ya kunywa hajui ni siku gani aliwaokoa wanawe na kipindupindu. Wala hatungoji ajue ndipo tumwite mama mwema. Tena kuna hatari iliyo kubwa zaidi. Taifa lenye kuwapamba tu wale waliokufa motoni lawafundisha walinzi wake kuungoja moto.

Jambo hili lawagusa watu wa Kyela kuliko wanavyodhani. Barabara ishukayo kutoka Tukuyu hadi mpakani Kasumulu hupitisha malori ya mafuta yaendayo Malawi. Tarehe 10 Agosti 2019, huko Msamvu, Morogoro, lori la namna hiyo lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, likawaka. Wakafa zaidi ya watu 100. Siku ile hata mkuu wa zimamoto aliye hodari kuliko wote angefika amechelewa. Kazi yake ilikuwa ya miaka ya nyuma: kusimama sokoni na shuleni, kuwaambia watu wasilikaribie lori lililopinduka, na kurudia maneno yale yale hata wakamchoka.

Kila Januari wazazi wengi huwapeleka watoto wao shule za bweni, na sanduku, na godoro. Twawaomba wasiondoke kabla ya kuliona bweni lenyewe. Waitazame milango, wahesabu mingapi, na kila mmoja wafunguliaje, wayashike madirisha. Kisha wamwulize mwalimu mkuu ni lini mkaguzi wa zimamoto alipita mara ya mwisho, na alisema nini, na jina lake ni nani.