Uende Burundi, Mjukuu Wangu, Ukawe Mgeni

Mjukuu wangu, nimesikia umeshapata pasipoti na unataka kuvuka Manyovu na pikipiki yako, peke yako, uzunguke vijijini Burundi. Mama yako ana wasiwasi, na si bure. Mimi nasema uende. Umekulia Kasulu ukimjua Mrundi wa namna mbili tu: mkimbizi wa kambini, na kibarua anayekuja kulima mashamba yetu kwa ujira wa kumhurumia. Hujapata kumwona akiwa kwake, mwenye nyumba, yeye ndiye anayeamua nani akaribishwe na nani apite. Nataka umwone hivyo, na wewe uwe ndiye unayeomba maji.

Ndiyo maana sitaki uende na kundi. Vijana watano kwenye pikipiki huongea wenyewe kwa wenyewe, hula pamoja, hulala gesti na kurudi na picha. Mtu mmoja aliyesimama kando ya njia lazima amsalimie mwenyeji, na mwenyeji lazima aamue amfanyeje.

Njia ninayoipenda ni hii. Ukitoka Manyovu unaingia Mugina, kisha Makamba. Panda Bururi hadi Rutovu, penye chemchemi inayohesabiwa kuwa chanzo cha Mto Nile kilicho kusini kuliko vyote, na piramidi ndogo ya mawe iliyojengwa mwaka 1938. Kutoka hapo nenda Gitega, makao makuu ya nchi tangu 2019, halafu Ruyigi, ushuke Gisuru, utokee Mabamba na kuingia Kibondo. Usipange kupitia Rwanda. Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na mambo kama hayo mtu huyaulizia kabla hajawasha pikipiki.

Makaratasi sitayasemea sana. Beba pasipoti, kadi ya pikipiki iliyo kwa jina lako, na kadi mbili za njano: ya chanjo ya homa ya manjano na ya bima ya COMESA. Ukibadilisha fedha mpakani, tazama kila noti. Mwaka 2023 Benki Kuu ya Burundi iliondoa kwenye mzunguko noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, na watu wakapewa siku kumi tu kuzirudisha. Mgeni ndiye anayebebeshwa noti iliyokufa.

Kule wanaendesha upande wa kulia. Penye magari mengi hutakosea, kwa sababu utawafuata wenzako. Jihadhari alfajiri, unapotoka ulipolala na barabara ni tupu: mkono utakurudisha kushoto wenyewe. Kwenye milima utakuta vijana wa baiskeli wameshika nyuma ya lori ili livute mzigo wao hadi juu. Usilifuate lori hilo kwa karibu, na usilipite kwenye kona. Mafuta yamekuwa adimu nchini mwao miaka hii, kwa hiyo jaza tangi kabla ya kuvuka, na giza likiingia uwe umeshasimama. Kila jioni nijulishe ulipo.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie. Kwetu, tangu Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, nyumba zimepangana kando ya barabara. Mgeni akishuka anakutana na duka, ofisi ya kijiji na watu waliokaa kivulini. Kule utaona rugo, yaani boma la familia, moja moja mlimani, kila moja katikati ya migomba yake. Usiingie uani na pikipiki inanguruma. Izime barabarani, panda kwa miguu, simama nje ya uzio, salimia, ungoje. Hata kama umeona watoto, ngoja mtu mzima atoke. Salimia kwa Kiha chako, usianze na Kiswahili. Ukisema "Mwakeye" watajua umetoka wapi, na Kirundi chao utakielewa ukitulia. Wazee wa pande zile walikuwa wakipita Buha yetu kwa miguu kufuata chumvi ya Uvinza, na kilichowafikisha ni lugha hizi mbili zinazosikilizana na nyumba za watu walizolala njiani.

Ukikaribishwa pombe ya mtama, itakuja kwenye chungu kimoja na mirija. Hata kama hunywi, usikatae kwa mkono. Kaa, pokea, shukuru, kisha eleza. Ukipewa pa kulala, mwombe mwenyeji akupeleke kwa mkuu wa mtumba, yaani kilima chao, akakuandikishe jioni ileile, ili asije akaulizwa kesho kwa nini alimficha mtu wa nje. Jumamosi asubuhi barabara husimama, watu wakienda kwenye kazi za jamii. Sisi tunasema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Wewe siku yako ya kwanza ikiangukia Jumamosi, liombe mwenyewe.

Halafu utakutana na mtu, pengine mama wa makamo, atakayekuuliza umetoka wapi. Ukitaja Kasulu, atabadili lugha na kukujibu kwa Kiswahili safi. Atakutajia kambi ya Mtabila, au Nduta, au Mtendeli. Warundi walikuja kwetu mwaka 1972, wakaja tena baada ya Rais Ndadaye kuuawa Oktoba 1993, wakaja tena 2015. Wengine wamezaliwa kwetu na kusoma kwetu. Usiharakishe kupokea shukrani. Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa 2012, si wote walioondoka kwa kupenda, na anaweza kukueleza alivyopakiwa kwenye gari na vitu alivyoacha. Msikilize mpaka mwisho. Usiitetee serikali, usiseme sisi nasi tulikuwa na shida zetu za kuni na ardhi. Shida hizo zilikuwepo kweli, lakini hapo umekaa kwenye mkeka wake.

Wala usimuulize kabila lake, wala shamba analolima lilikuwa la nani kabla hajarudi. Waliorudi walikuta ardhi zao zimekaliwa, na majirani wengi wameshapelekana mbele ya tume na mahakama kwa ajili hiyo. Kijana anayepita, akaulizia hayo kwa udadisi, huwasha moto kisha anapanda pikipiki yake. Simu yako nayo iache mfukoni penye askari, daraja au kituo cha mpakani.

Ukifika Gisuru hakikisha pasipoti imegongwa muhuri wa kutoka, maliza faranga zako, kumbuka kurudi upande wa kushoto. Na yule aliyekulaza, kabla hujamuaga, mwelekeze nyumbani kwetu vizuri: ashuke wapi, aulize jina la nani. Asipokelewe hapa kama kibarua. Uniambie jina lake, nimwambie bibi yako atenge kitanda.