Nyumba ya miti ina umri gani?

Mara mingi tunasikia kwamba nyumba zetu za miti na udongo hazina historia, juu zile za Ulaya zina tarehe. Tuangalie basi tarehe hiyo inapatikana namna gani. Kule Quedlinburg, Ujerumani, kuna nyumba ambayo nguzo zake zinapanda tangu chini mpaka kwenye paa. Wataalamu walihesabu pete za mbao zake, wakapata mwaka wa 1346 ao 1347. Kazi safi kabisa. Lakini pete zinasema tu mwaka mti ulikatwa. Kama fundi aliokota boriti ya nyumba iliyobomoka, itatudanganya. Ndiyo maana wanapima mbao mingi.

Na kwetu? Mchwa anakula nguzo toka chini, mzee anaing’oa, anasimika nyingine. Kisha miaka, pengine hakuna mti hata mmoja wa kwanza. Ni nyumba ile ile? Mwenye kuhesabu mbao atasema hapana. Siye tunasema ndiyo: kiwanja ni kile, mlango unatazama pale pale, na aliyesimika nguzo mpya alifundishwa na aliyesimika ya kwanza.

Ila tusijisifu bure. Ile ya Quedlinburg inaweza kungoja fundi, yetu haingoji. Kijana anayejenga kwa matofali hana kosa, mvua ni mvua. Lakini amekwisha kumuuliza baba yake mti gani unakataa mchwa, na kamba inafungwa namna gani?