Aliyekufa kwa Kanuni ya Zamani

Kanuni ikibadilishwa leo kwa sababu ile ya jana ilikuwa mbaya, tuwafanyeje walioumizwa na ile ya jana? Mahakama zina jibu lao na dini zina lao. Mimi swali hili lilinikuta mahali ambapo watu wazima wengi wangeona haya kulijadili: mezani, kwenye mchezo wa dadu. Naomba mnivumilie. Mezani kuna jambo moja linaloonekana wazi kuliko mahakamani, nalo ni kwamba waliotunga kanuni, waliozifuata na walioumizwa nazo wote wana sura na majina, na kesho watakutana tena.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua: watu wanne au watano wanakaa pamoja. Mmoja ni msimamizi, anayesimulia dunia na yaliyomo. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake, na ndiye anayesema mhusika huyo anafanya nini. Pakiwa na shaka kama jambo litafaulu, kuruka shimo, kumdanganya mlinzi, kumkabili jitu, basi dadu inaamua, mara nyingi ile ya pande 20. Mwisho wa siku hakuna mshindi. Nyinyi wapenzi wa fasihi simulizi mtaona si kitu kigeni sana: kuna fanani na kuna hadhira, ila hapa hadhira nayo ina mkono ndani ya hadithi.

Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa Marekani mwaka 1974, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku. Tangu hapo kanuni zimeandikwa upya mara nyingi. Toleo liitwalo Advanced lilianza kutoka 1977, la pili likaja 1989, la tatu 2000 likarekebishwa 2003, la nne 2008, la tano 2014, na mwaka 2024 vitabu vya toleo la tano vikapitiwa upya. Kila mara wachezaji wamegombana. Kuna wanaoapa kwamba mchezo ulikufa 1989, na wengine wanasema ulizaliwa 2014. Ukiwasikiliza utadhani ni watu wa madhehebu.

Sisi tuliingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2010, tukiwa chuo kikuu Nairobi, mwenzetu mmoja aliletewa na binamu yake vitabu vya marekebisho ya 2003. Toleo la nne lilikuwa limeshatoka, lakini sisi tungejuaje? Tulicheza tulichokuwa nacho, dadu tatu kwa watu watano, na kurasa za fotokopi zilizokolea wino hadi picha za majitu zikawa madoa meusi tu. Toleo la nne tulikuja kulionja baadaye, likatushinda. Kila mhusika alikuwa na orodha ya mbinu, nyingine za wakati wote, nyingine za mara moja kwa pambano, nyingine za mara moja kwa siku, na jioni zetu zikageuka kuwa mahesabu. Tukarudi kwa fotokopi zetu. Tulihamia toleo la tano mwaka 2015, tukiwa tayari watu wa kazi na kodi ya nyumba, na tukahama na wahusika wetu walewale na hadithi ileile.

Hapo ndipo swali lilipozuka. Kwa kweli yalizuka maswali mawili, na ilinichukua muda kuona kwamba hayafanani.

La kwanza lilimhusu Sefu. Sefu alikuwa kuhani katika hadithi yetu, mhusika wa kijana mmoja aliyekuwa akisomea uhandisi. Mwaka 2011 alibaki nyuma kwenye daraja ili wanakijiji wavuke, akaangushwa. Katika kanuni za vitabu vyetu vya wakati ule, mhusika akishuka chini ya sifuri anatokwa damu. Kila zamu anapoteza pointi moja ya uhai, isipokuwa bahati ya asilimia 10 imsimamishe, na akifika hasi 10 amekufa. Sefu alianza kwenye hasi 4. Dadu ilirushwa mara sita na mara zote sita ilikataa. Hakuna aliyesema neno mezani. Mwenye Sefu alikunja karatasi yake mara nne, akaiweka mfukoni, akaenda kuchemsha chai.

Toleo la tano linahesabu tofauti. Aliyeanguka anarusha dadu ya pande 20: akipata 10 au zaidi ni alama ya kupona, chini ya hapo ni alama ya kufa, na alama tatu za upande wowote zinaamua. Kwa kila mrusho, kupona kuna uwezekano mkubwa kidogo kuliko kufa. Basi mwenzetu mgeni, ambaye hata hakuwepo mwaka 2011, akauliza: kwa kanuni hizi mpya si Sefu angekuwa na nafasi ya kweli ya kuishi? Mbona tusimrushie tena?

Swali la pili lilitoka kwa dada mmoja aliyekuwa nasi tangu mwanzo. Mhusika wake alikuwa nusu-oki, yaani mzazi mmoja binadamu na mwingine oki, na alikuwa amemfanya msomi, mtu wa maktaba na ramani. Vitabu vya 2003 vilikuwa vimeshaamua nusu-oki ni mtu wa namna gani: unaongezewa pointi 2 za nguvu, unapunguziwa 2 za akili na 2 za haiba, tangu kuzaliwa, uwe umesoma au hukusoma. Miaka mitano alicheza na upungufu huo. Toleo la tano likaufuta kimyakimya. Nusu-oki bado ana nguvu za ziada, lakini hakuna kinachokatwa. Naye akauliza: pointi zangu zinarudi lini?

Mtu angesema haya ni mambo yaleyale: kanuni mpya ni nafuu kuliko ya zamani, basi ama unafuu urudi nyuma kwa wote, ama usirudi kwa yeyote. Mwenzetu mmoja, wakili, alishikilia hivyohivyo, kwamba tuchague moja na tusiwe wanafiki. Hoja yake ni nzuri, na kwa wiki kadhaa sikuwa na jibu lake.

Nililipata nilipojiuliza kwa nini kanuni hubadilika. Kuna kanuni zinazobadilika kwa sababu ladha imebadilika. Wasomaji wa mashairi mnaufahamu mfano wetu wenyewe. Mwaka 1954 Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na miaka 20 baadaye, mwaka uleule wa kile kisanduku cha Gygax na Arneson, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, diwani isiyojifunga na vina wala mizani. Ugomvi uliofuata mnaujua. Lakini hata waliomshangilia Kezilahabi, hakuna aliyedai kwamba mashairi ya Mnyampala yahesabiwe upya. Kanuni ya vina haikumdhulumu mtu. Ilikuwa njia ya kutunga, na waliotunga kwa njia hiyo walipata walichokitafuta humo.

Kanuni ya hasi 10 ni ya aina hiyo. Si mbaya. Ni kali tu, na sisi sote tuliijua ni kali tulipokaa mezani. Mwenye Sefu aliijua alipomwacha darajani. Ukiifuta leo kwa kurudi nyuma, humfanyii wema. Unamnyang'anya kitu, kwa sababu uamuzi wake ulikuwa na uzito palepale ambapo kifo kilikuwa karibu. Yeye mwenyewe, tulipombana, alisema kwa ufupi: "Sasa mnataka kumfufua mtu juu kitabu kimebadilika? Na wale wa kijiji tutawaambia nini, ati ilikuwa mazoezi?"

Kanuni ya nusu-oki ni kitu kingine kabisa. Haikusema mchezo uwe mkali au mlegevu. Ilisema watu wa namna fulani huzaliwa na akili pungufu. Wala haikuwa peke yake. Kitabu cha wachezaji cha 1978 kiliwawekea wahusika wa kike kikomo cha nguvu za mwili kilicho chini ya kile cha wanaume, na kikomo hicho kikaondolewa kwenye toleo la pili, 1989. Mwaka 2020 kitabu kiitwacho Tasha's Cauldron of Everything kiliwaruhusu wachezaji kuhamisha zile pointi za asili wapeleke watakako, na vitabu vya 2024 vikaliacha neno lenyewe la "rangi" kwa maana ya nasaba, vikasema "spishi". Wapo wanaoona haya ni mapambo ya siasa. Mimi nasema mtu mweusi aliyewahi kusoma yaliyoandikwa na wakoloni kuhusu akili za babu zake anaitambua ile hesabu ya kupunguza 2 pale anapoiona, hata ikivishwa meno ya oki.

Kanuni ya aina hii haikuwahi kuwa halali, hata siku ilipokuwa ikitumika. Kwa hiyo kuibadilisha hakutoshi. Na hapa yule dada alituzidi wote. Tulikuwa tayari kumrudishia pointi, na msimamizi, kwa nia njema, akapendekeza tuliingize ndani ya hadithi vizuri: msomi wetu apate dawa ya ajabu pangoni, aamke na akili zaidi. Akakataa. "Msiseme nimekunywa dawa nikawa na akili. Semeni mlinihesabu vibaya."

Nimelibeba neno hilo hadi kazini. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya Muruatetu, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka Katiba, kwa sababu inamfunga jaji mikono asiweze kusikiliza la kujitetea kuhusu adhabu. Waliohukumiwa kwa kanuni ile wakapata mlango wa kurudi kusikilizwa upya juu ya adhabu zao. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 50, tayari inasema kwamba adhabu ikibadilika kati ya kosa na hukumu, mshtakiwa apewe iliyo nafuu. Lakini hawa walikuwa wameshahukumiwa, na kilichowarudisha si huruma. Ni mahakama kukiri kwamba kanuni yenyewe ilikuwa na kasoro siku ilipotumika. Msamaha wa rais ungekuwa ile dawa ya pangoni: unatoka, lakini hesabu ya zamani inabaki ilivyo. Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu aliyehesabiwa.

Kipimo changu basi kina sehemu mbili. Kwanza, je, kanuni ya zamani ilikuwa kali tu, au ilikuwa tusi? Pili, ni nani anayeomba irudiwe? Haki ya kuomba ni ya aliyelipa. Mgeni wetu alimwonea Sefu huruma, lakini Sefu hakuwa wake. Nacho kitabu kipya hakina haki ya kuwaambia watu kwamba machozi yao ya 2011 yamefutwa.

Najua palipo na ufa. Wengine waliolipa hawawezi kuomba chochote. Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na walionyongwa kabla ya hapo hawana kesi ya kurudisha. Kwao kipimo changu ni bubu, na linalobaki ni walio hai kuwasemea, wakijua kwamba wanasema bila kutumwa. Sina dawa ya hilo.

Kuna ufa mwingine: mwenye kitabu. Mwaka 2000 wachapishaji walitoa leseni huria iliyowaruhusu wengine kuandika na kuuza kazi zao juu ya msingi wa kanuni zile. Januari 2023 ikavuja rasimu iliyokusudia kuiondolea nguvu leseni hiyo, baada ya zaidi ya miaka 20 ya watu kujenga riziki juu yake. Wachezaji wakaja juu, wengi wakafuta malipo yao ya kila mwezi, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma na kuuweka msingi wa kanuni za toleo la tano chini ya Creative Commons. Hapo aliyetaka kurudi nyuma alikuwa mwenye nguvu, na alirudi kunyang'anya. Ndiyo maana sikubali jibu rahisi la wakili wetu, kwamba mabadiliko yote yarudi nyuma au yasirudi kabisa. Ukimpa mtunga kanuni ruhusa ya kurudi nyuma kila anapopenda, siku moja atakuja kuchukua.

Vitabu vya 2024 sasa viko mezani petu. Kabla ya kuvifungua kwa mchezo tulifanya jambo moja la kizamani: tulichukua daftari tukaandika kinachobaki. Waliokufa wamebaki wafu, isipokuwa mwenyewe aseme vingine. Hakuna aliyesema. Na kwenye ukurasa wa msomi wetu, mbele ya pointi zake za akili, kuna mstari ulioandikwa tangu 2015 ambao tumeunakili ulivyo, neno kwa neno: ilihesabiwa vibaya.