Jembe Likikupata Mguuni

Wengi mko njiani kwenda kwenye migomba na kahawa, na jembe likiteleza, anayeumia ni mguu.

Osha jeraha mara moja kwa maji safi tiririka na sabuni. Majivu hapana. Na ule mtindo wa kufungua kidonge cha rangi mbili na kumwaga unga wake kidondani, tafadhali tuuache. Unaacha uchafu tu juu ya nyama. Katika ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani upesi, basi gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto? Pamevimba? Ukiona usaha, homa, au mtoki kinenani, nenda Hospitali ya Nyamiaga au zahanati iliyo karibu, na uulizie pia chanjo ya pepopunda.

Na ukipewa dawa ya kuua bakteria, kumbuka kisa hiki. Februari 1941, huko Oxford, Uingereza, polisi Albert Alexander, aliyeoza uso kwa bakteria, alichomwa penisilini, dawa iliyokuwa haba mno. Akaanza kupona. Madaktari walifikia kuichuja upya kutoka kwenye mkojo wake! Ikaisha kabla bakteria hawajaisha, na Machi akafariki.

Yeye dawa ilimwishia. Sisi tunaikatisha wenyewe siku ya tatu maumivu yakipungua, tena nyingine tunamgawia jirani. Meza dozi yote kama ulivyoelekezwa, pumzisha mguu ukiwa umeinuliwa juu ya mto, na muuguzi akisema urudi kesho kutwa kubadilishwa bandeji, rudi, hata ikiwa siku ya gulio.