Kijana Akirudi Shuleni

Mpendwa, ukishuka kutoka Ziwa Chala kwenda Taveta siku ya soko, utawapita akina mama na mikungu yao ya ndizi, na bodaboda zinazokimbilia mpaka wa Holili. Hapo hapo steji kuna anayeuza muguka, yale majani ya kulevya yanayotafunwa, ameufunika kwa jani la mgomba usinyauke. Na mwanafunzi mwenye sare hupita karibu naye kila asubuhi.

Sheria zipo. Hapa Kenya, tangu 2010 baa haitakiwi kuwa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilipiga marufuku pombe ya viroba Machi 2017. Mei 2024 magavana wa Mombasa, Kilifi na kwetu Taita Taveta waliukataza muguka, na haikupita muda Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku ya Mombasa na Kilifi. Nashukuru kwa kila jitihada. Lakini ni sheria gani itakayomfikia kijana bwenini, akikesha na wasiwasi wa karo?

Pengine wewe ndiwe mwalimu uliyekabidhiwa kamati ya kuzuia mihadarati. Umebandika mabango, umealika mgeni, umeanzisha chama cha wanafunzi. Kisha kijana wa chama hicho hicho ananaswa na muguka mfukoni. Anasimamishwa masomo, na Jumatatu anarudi na mama yake, paredi ikiendelea. Je, atasimama wapi?

Mkumbuke Petro, aliyemkana Bwana wake mara tatu. Katika Yohana 21, Yesu anamngoja ufuoni na samaki juu ya makaa. Wanakula kwanza. Ndipo anamuuliza kama anampenda, mara tatu, na Petro anahuzunika. Msamaha ule haukujifanya kwamba hakuna kidonda. Ila kila jibu lilifuatwa na kazi: lisha kondoo wangu.

Basi mkaribishe mama kiti, maana naye amekuja na hofu yake. Baadaye kaa na kijana faraghani, umuulize anapata nini katika majani yale. Wako wanaotafuna ili wakeshe wakisomea KCSE, na wako wanaotafuta tu kukubalika na wenzao. Ukiona ameshatekwa, usibebe mzigo peke yako; nambari ya NACADA, mamlaka ya kupambana na mihadarati, ni 1192, nayo hupigwa bila malipo. Na anayewauzia watoto langoni, chifu na apewe habari zake.

Kisha mpe kijana kazi ya kweli: atunze daftari la chama, au mipira. Tafadhali usimfanye shahidi wa kusimulia aibu yake kila mgeni anapokuja. Tumezoea kuuita huo ushuhuda. Kwa mtoto wa miaka kumi na sita mara nyingi ni adhabu ya pili.

Na akianguka tena? Huenda ikawa. Petro mwenyewe, akiwa tayari mtume, alikosea kule Antiokia, na Paulo akamkemea mbele ya wote, tunavyosoma katika Wagalatia. Utume wake haukukoma siku ile. Nidhamu ya shule itachukua mkondo wake, mpendwa, nawe waweza kuisimamia bila kulegea, kisha kesho yake ukamwita kijana kwa jina lake na kumuuliza kama amekula.